Sufuri ya tarakilishi: Habari njema ambayo wakati mwingine ni uongo

KATIKA shule za Kisii na Nyamira, kama kwingineko nchini, mwanafunzi aliyepata sufuri katika mtihani wa hesabu huwa hana haraka ya kufika nyumbani. Huikunja karatasi mara nne, huisukuma chini kabisa ya mkoba, na kuomba Mungu mama asikumbuke kuuliza.

Mwanafunzi huyo huyo akijaliwa siku moja kusomea sayansi ya tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Kisii, taasisi iliyoanza mnamo 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi na kupata hati ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2013, mambo humgeuka. Huko hukuta kwamba programu iliyotekeleza kazi yake barabara hurudisha sufuri, na kwamba nambari nyingine yoyote, kuanzia 1 hadi 255, ni dalili kuwa kuna jambo la kuangaliwa. Sufuri iliyokuwa aibu sasa ndiyo fahari.

Kanuni hiyo ina mantiki yake. Kufaulu kuna sura moja, ilhali kushindwa kuna sura nyingi: faili haikuonekana, nafasi ya diski imekwisha, nywila si sahihi, mtandao umekatika. Nambari moja yatosha kutangaza ufanisi. Zilizosalia zimeachiwa matatizo.

Hata hivyo, ndani ya kanuni hii nyepesi mna mtego ambao umewanasa mafundi wengi, wageni kwa wakongwe. Programu inaweza kuuawa katikati ya kazi, na yule aliyeituma akasoma sufuri. Kazi haikukamilika, lakini daftari linasema imekamilika. Pale ambapo kazi yenyewe ni kuhifadhi rekodi za wagonjwa au hesabu za wakulima, kosa hilo haliishii ndani ya mashine.

Mzazi na mtoto

Mfumo endeshi wa Unix, ambao Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuubuni mnamo 1969 katika maabara za Bell Labs nchini Marekani, uliirithisha dunia desturi ya kuzungumzia programu kwa lugha ya ukoo. Programu inapokuwa kazini huitwa mchakato. Mchakato unaoanzisha mwingine huitwa mzazi, na ulioanzishwa huitwa mtoto. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds nchini Ufini mnamo 1991, ilifuata desturi hiyo hiyo.

Mtu asidhani haya ni mambo ya mbali. Kiini cha Linux ndicho kilicho ndani ya kila simu ya Android, na kwa hivyo mama anayeuza ndizi katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii hutembea na ukoo mzima mfukoni. Ndani ya simu yake mna mchakato uitwao Zygote, jina lililotolewa katika somo la biolojia, kwa maana ya yai lililotungishwa. Kila anapofungua programu ya kutuma ujumbe au ya kutazama picha, Zygote hujigawa na kuzaa mtoto ambaye ndiye programu hiyo.

Amri inayozaa huitwa fork. Mzazi akiitoa, kiini cha mfumo hutengeneza nakala yake na kuipa nambari yake ya utambulisho. Katika seva, aghalabu nakala hiyo huvaa vazi jipya kwa amri za jamii ya exec na kugeuka kuwa programu tofauti kabisa: ya kunakili faili, ya kukandamiza data, ya kupeleka barua pepe. Mzazi naye aweza kuendelea na shughuli zake, kisha akamngoja mtoto kwa amri ya wait au waitpid ili apate kujua yaliyompata.

Haya si mageni kwa mzazi wa Keroka anayemtuma mtoto dukani jioni. Mtoto aweza kurudi na sukari. Aweza kurudi mikono mitupu na kusema duka limefungwa. Au aweza asirudi kabisa, kwa kuwa amepatwa na jambo njiani. Habari ya pili na ya tatu zinafanana kwa kitu kimoja tu, kwamba hakuna sukari; lakini hakuna mzazi mwenye akili timamu anayezichanganya. Duka kufungwa ni jibu. Mtoto kutorudi si jibu, ni sababu ya kuwasha tochi na kwenda kumtafuta.

Marehemu katika daftari

Mtoto anapomaliza kazi, mfumo haumfuti mara moja. Kiini hurudisha kumbukumbu yote aliyokuwa akiitumia, lakini hubakiza ukurasa mmoja mdogo wenye nambari yake, muda aliotumia katika kichakataji, na taarifa yake ya mwisho. Ukurasa huo husubiri mzazi aje kuusoma. Mtoto aliye katika hali hiyo wataalamu humwita zombi.

Jina hilo linatisha bure. Ni sawa na marehemu aliyefia nyumbani kijijini ambaye jamaa zake hawajapeleka habari kwa naibu wa chifu. Amekufa, kila jirani anajua amekufa, lakini katika daftari za serikali yungali hai. Fundi mgeni akiona zombi katika orodha ya michakato huchapa amri ya kuua, mara moja, mara mbili, mara kumi, na zombi hasogei. Aliyekwisha kufa hauawi tena. Dawa ni mzazi wake kuita wait na kuichukua taarifa.

Zombi mmoja hana madhara. Maelfu yao ni shida, kwa kuwa kila mmoja amekalia nambari ya utambulisho, na nambari hizo zina kikomo. Katika Linux kikomo cha kawaida kwa miaka mingi kilikuwa 32,768. Zikiisha, hakuna mtoto mwingine anayeweza kuzaliwa, na seva ambayo haikuharibika popote hukataa hata kumruhusu msimamizi wake kuingia.

Iwapo mzazi atakufa kabla ya mtoto, mtoto huyo huwa yatima na kwa kawaida hukabidhiwa mchakato nambari 1, ule wa kwanza kuamka mashine inapowashwa, kama vile nyanya anavyowachukua wajukuu walioachwa. Kazi ya mchakato huo, pamoja na mengine, ni kuwangoja mayatima wote na kupokea taarifa zao za mwisho.

Alama na herufi

Je, taarifa hiyo ya mwisho ina nini? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, na msomaji anayekumbuka karatasi ya matokeo ya KCSE ataelewa upesi.

Tangu mtihani huo uanze kufanywa mnamo 1989, alama zake zimekuwa 12, kuanzia A hadi E. Lakini karatasi ya matokeo huweza pia kuwa na herufi zisizo alama. X huwekwa kwa mtahiniwa ambaye hakufika kufanya mtihani, na Y kwa aliyepatikana na visa vya udanganyifu. E ni matokeo, hata kama ni mabaya. X na Y si matokeo. Ni maelezo ya kwa nini matokeo hayapo. Mwalimu mkuu anayetafuta wastani wa darasa lazima kwanza atenge wenye alama na wenye herufi.

Taarifa ya mwisho ya mchakato nayo ina sehemu za namna hiyo. Mtoto anayetoka kwa hiari yake huacha nambari ya kutoka, ambayo ni alama aliyojipa mwenyewe. Mtoto anayeuawa hapati nafasi ya kujipa alama. Badala yake kiini huandika nambari ya ishara iliyomuua.

Ishara ni ujumbe mfupi ambao kiini au mchakato mwingine huweza kumpelekea mchakato. Ishara nambari 2 hutumwa mtu anapobonyeza Ctrl pamoja na C. Nambari 15 ni ombi la heshima la kufunga kazi. Nambari 11 hutolewa programu inapogusa eneo la kumbukumbu lisilo lake. Nambari 9 ni hukumu isiyo na rufaa, kwa kuwa hakuna programu inayoweza kuizuia wala kuiomba isubiri.

Katika Linux, alama na herufi hizi hubanwa pamoja ndani ya biti 16. Biti nane za juu hubeba nambari ya kutoka. Biti saba za chini hubeba nambari ya ishara. Biti iliyobaki katikati huwaka iwapo mfumo uliacha picha ya kumbukumbu ya marehemu ili wataalamu wakaichunguze, mfano wa madaktari wanaopasua maiti kutafuta chanzo cha kifo.

Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyetoka na nambari 1, taarifa yake ikisomwa yote kama nambari moja huwa 256, maana 1 hiyo imekaa katika nusu ya juu, na kila kimoja cha nusu ya juu kina thamani ya 256 chini. Aliyetoka na 2 huwa 512. Wanaoanza kujifunza hupigwa na butwaa hapo: programu imeandikwa irudishe 1, mbona mzazi anaona 256? Wanaotumia lugha ya Python hukutana na kioja hicho hicho katika amri ya os.system, na ni mwaka wa 2020, katika toleo la 3.9, ambapo lugha hiyo iliongezewa kifaa mahsusi cha kuifasiri taarifa hiyo.

Mtoto aliyeuawa kwa ishara 9, kwa upande mwingine, huacha 9 tupu. Nusu yake ya juu ni sufuri.

Sasa tazama mtego unavyofanya kazi. Fundi aliyesikia nusu ya somo, kwamba nambari ya kutoka imo katika nusu ya juu, huandika programu ya mzazi inayogawa taarifa kwa 256 na kutupa baki. Anaijaribu. Taarifa ya 256 inampa 1. Taarifa ya 512 inampa 2. Taarifa ya sufuri inampa sufuri. Kila kitu ni sawa, na kazi inakabidhiwa mwenyewe. Miezi sita baadaye mtoto anauawa kwa ishara 9. Mzazi anagawa 9 kwa 256, anatupa baki, na kupata sufuri. Aliyenyongwa njiani anaandikwa kuwa amefika salama.

Kosa hili ni baya kuliko mengi kwa sababu halijitokezi wakati wa majaribio. Fundi hujaribu programu yake kwa kuifanya ishindwe, si kwa kuiua. Nayo huuawa siku ambayo mashine imelemewa, ambayo ndiyo siku ya kazi nyingi zaidi.

Kiwango cha POSIX, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mnamo 1988 ili mifumo ya ukoo wa Unix isikilizane, hakimlazimishi mtu kujua biti zimepangwaje. Kimeweka maswali yenye majina. WIFEXITED huuliza iwapo mtoto alitoka mwenyewe. Jibu likiwa ndiyo, na hapo tu, WEXITSTATUS hutoa nambari ya kutoka. WIFSIGNALED huuliza iwapo aliuawa, na jibu likiwa ndiyo, WTERMSIG hutaja ishara. Yapo na maswali ya mtoto aliyesimamishwa kwa muda bila kufa, ambayo hapa hayatatushughulisha. Kuitumia WEXITSTATUS bila kutanguliza WIFEXITED ni kurudi kwenye mtego ule ule kwa mlango wa nyuma, maana nayo itasoma nusu ya juu ya marehemu na kukuta sufuri.

Kuna swali la awali zaidi ambalo hata vitabu vingine hulipita mbio: je, wait yenyewe ilifaulu? Amri hiyo huweza kukatizwa na ishara iliyomfikia mzazi alipokuwa akingoja, ikarudisha -1 bila kuandika taarifa yoyote. Kama fundi alikuwa ameiwekea nafasi ya taarifa thamani ya sufuri mwanzoni, kama wengi wafanyavyo kwa unadhifu, sufuri hiyo itasalia pale pale na kusomwa kama ushindi. Mtoto hajarudi, mzazi amelisoma jibu alilojiandikia mwenyewe kabla ya kumtuma.

Baiti 20 za usiku

Kenya ina sababu ya karibu ya kuyajali haya. Mnamo 2004 wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya jimbo la Indiana, Marekani, pamoja na wenzao wa mpango wa AMPATH mjini Eldoret, walianza kujenga mfumo wa rekodi za wagonjwa uitwao OpenMRS, ambao ulianza kutumika Eldoret mnamo 2006. Mfumo wa KenyaEMR, unaotumika katika kliniki za Virusi vya Ukimwi katika kaunti nyingi nchini, umejengwa juu ya msingi huo. Rekodi zake hukaa katika hifadhidata ya MySQL.

Chukulia basi kituo cha afya katika milima ya Nyamira, chenye seva moja ndogo chini ya meza ya karani. Seva hiyo inajua ni nani alianzishiwa dawa za ARV lini, ni nani anatarajiwa kliniki wiki ijayo, na ni nani ambaye kipimo chake cha mwisho kilionyesha virusi vinaongezeka. Fundi aliyeitwa kuitengeneza, kijana mwenye bidii kutoka mjini, anaandika mistari michache ya kuweka nakala ya akiba kila saa nane usiku.

Mistari hiyo ni ya kawaida na hupatikana katika maelfu ya seva duniani. Programu ya mysqldump husoma hifadhidata na kuitoa kama maandishi. Maandishi hupitia bomba na kuingia katika programu ya gzip, ambayo huyakandamiza. Kisha faili huwekwa katika diski ya pili. Mwisho kabisa fundi ameuliza: je, nambari ya kutoka ni sufuri? Ikiwa ndiyo, andika daftarini kwamba nakala imekamilika.

Hapa wametumwa watoto wawili, si mmoja. Na sheli, yaani programu inayopokea na kutekeleza amri zinazochapwa, ina desturi ya kutoa taarifa ya mtoto wa mwisho pekee.

Siku moja nywila ya hifadhidata inabadilishwa kwa sababu njema za usalama. Usiku ule mysqldump inakataliwa mlangoni na kutoka na nambari isiyo sufuri. Gzip haipokei hata herufi moja. Inafanya ilivyofunzwa: inakandamiza utupu huo kwa ustadi, inaandika faili, na kutoka na sufuri. Daftari linaandikwa kwamba nakala imekamilika. Faili lenyewe lina ukubwa wa baiti 20, ambazo ni bahasha ya gzip bila barua ndani. Usiku unaofuata mambo ni hayo hayo, na wiki inayofuata, na mwezi.

Hakuna aliyelala kazini. Hakuna programu iliyovunjika. Kila aliyeulizwa alijibu kweli kwa swali aliloulizwa.

Nyanda za Kisii na Nyamira nazo zinajulikana kwa mvua za alasiri zinazokuja na radi. Siku umeme utakapopanda na kushuka ghafla na diski ya kwanza ikafa, ndipo faili la baiti 20 litakapofunguliwa kwa mara ya kwanza. Kama kadi za karatasi zingalipo kabatini, karani ataketi kwa miezi akizichapa upya. Kama hazipo, muuguzi atalazimika kumwuliza mgonjwa tarehe na dawa ambazo mgonjwa alidhani kituo kinamkumbukia.

Tiba yake ni neno moja. Sheli nyingi zinaitambua amri ya set -o pipefail, ambayo huifanya taarifa ya bomba zima kuwa ya kushindwa iwapo mtoto yeyote ndani yake alishindwa, na toleo la 2024 la POSIX limeiingiza rasmi katika kiwango. Fundi mwangalifu huongeza mawili: hupima ukubwa wa faili kabla ya kulisifu, na mara kwa mara huirudisha nakala katika mashine nyingine aone kama inafunguka. Nambari ya kutoka ni ushahidi wa aliyetumwa juu yake mwenyewe, na mahakama hazitoshekwi na shahidi wa aina hiyo akiwa peke yake.

Kifo cha 137

Sheli ina mtindo wake wa kutangaza vifo. Kwa kuwa mtumiaji huonyeshwa nambari moja tu, sheli huchukua nambari ya ishara na kuiongezea 128. Aliyeuawa kwa ishara 9 hutangazwa kuwa 137. Wa ishara 11 huwa 139, na wa 15 huwa 143.

Miongoni mwa hizo, 137 ndiyo inayosumbua watu zaidi na kueleweka kwa nadra. Aghalabu maana yake ni kwamba seva iliishiwa na kumbukumbu. Linapotokea hilo, kiini cha Linux hakiachi mashine nzima izame. Huchagua mchakato mmoja, mara nyingi ule unaokula zaidi, na kuutoa kafara kwa ishara 9. Programu iliyouawa haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa tu imenenepa kuliko jirani zake siku ya njaa.

Fundi asiyejua hili huona 137 na kuanza kupekua programu mstari baada ya mstari akitafuta kosa lisilokuwamo. Jibu halimo katika programu bali katika daftari la kiini, linalosomwa kwa amri ya dmesg, ambako kifo hicho huwa kimeandikwa waziwazi pamoja na jina la marehemu. Katika seva ndogo ambazo taasisi nyingi za mashambani zinaweza kumudu, kuongeza kumbukumbu au kupunguza ukubwa wa kazi inayofanywa kwa mkupuo mmoja huwa ndiyo tiba.

Mama wa Daraja Mbili hukutana na kifo hicho hicho bila kukijua. Anaandika ujumbe, anahamia kwenye kamera kumpiga picha mkungu wa ndizi, kisha anaporudi anakuta ujumbe umetoweka na programu inaanza upya. Simu ilikuwa imeishiwa na kumbukumbu, na mchakato uliokuwa nyuma ya pazia uliuawa ili kamera ipumue. Kuanzia Android 11, iliyotoka 2020, programu inaweza kuuliza mfumo namna ilivyokufa mara ya mwisho: kama ilijitoa yenyewe, kama ilianguka, kama iliuawa kwa ishara, au kama ni kwa sababu ya uhaba wa kumbukumbu. Imechukua simu za mkononi miaka mingi kuwapa watengenezaji programu kile ambacho Unix ilikuwa ikiwapa wazazi tangu zamani.

Nambari 139 ina kioja chake. Mtoto aliyeuawa kwa ishara 11 na kuachiwa picha ya kumbukumbu huwa na taarifa kamili ya 139, kwa kuwa ile biti ya picha ina thamani ya 128. Sheli nayo humtangaza kuwa 139, kwa kuwa imeongeza 128 kwa desturi yake. Nambari ni moja, sababu ni mbili, na kufanana huko ni bahati tu. Wapo wanaohitimisha kutokana na mfano huo kwamba taarifa ya waitpid na nambari ya sheli ni kitu kimoja. Ishara 9, ambayo haiachi picha, huwaumbua mara moja: huku ni 9, kule ni 137.

Zaidi ya hayo, hakuna kinachoizuia programu kutoka yenyewe na nambari 137. Anayesoma nambari ya sheli hawezi kutofautisha aliyeuawa na aliyejiita ameuawa. Ni mzazi anayetumia waitpid pekee aonaye tofauti.

Wakulima 256

Mtego wa mwisho ni wa wale wanaotaka nambari ya kutoka iseme mengi kuliko inavyoweza. Baadhi ya watayarishaji programu huhesabu makosa yaliyotokea na kutoka na idadi hiyo. Makosa matatu, nambari 3. Wazo ni zuri hadi mtu akumbuke kwamba nafasi iliyopo ni biti nane.

Katika maeneo ya Kebirigo, Sanganyi na Kiamokama, ambako kilo za majani mabichi ndizo huamua malipo ya mwezi na bonasi ya mwisho wa mwaka, mkulima huangalia mizani kwa jicho kali. Tuseme, kwa mfano tu wala si kwa kiwanda chochote kilichopo, kwamba programu fulani hupokea rekodi za siku na kuziingiza katika hesabu, na hutoka na idadi ya rekodi zilizokataliwa. Zikikataliwa 10, itasema 10. Zikikataliwa 255, itasema 255. Zikikataliwa 256, biti nane zitakuwa zimejaa na kuanza upya, na itasema sufuri. Siku mbaya kuliko zote ndiyo itakayoandikwa kuwa haikuwa na dosari. Kwa sababu hiyo hiyo programu inayotoka na -1 husomwa 255.

Isidhaniwe kwamba kila kisicho sufuri ni msiba. Programu ya grep, inayotafuta neno ndani ya faili, hutoka na 1 isipolipata neno na 2 inapopatwa na tatizo halisi. Ya kwanza ni jibu la kawaida: nimetafuta, halipo. Diff nayo hutoa 1 faili mbili zinapotofautiana. Sheli yenyewe hutumia 127 kusema haikuiona programu iliyoitwa, na 126 kusema imeiona lakini haina ruhusa ya kuiendesha. Kila programu ina kitabu chake cha maelezo, na ni huko, si kwa kubahatisha, ambako maana ya nambari zake hupatikana.

Halafu kuna siku ambayo stima hupotea kabisa. Siku hiyo mtoto hafi peke yake. Mzazi hufa naye, na kiini pia, na hakuna anayebaki kuandika taarifa ya yeyote. Ndiyo sababu wasimamizi wenye uzoefu huandika daftarini mara mbili, kazi inapoanza na inapokwisha. Mwanzo usio na mwisho ndiyo taarifa pekee ambayo umeme unaweza kuacha.

Mwanafunzi anayetaka kuyaona haya kwa macho yake hahitaji zaidi ya tarakilishi yenye Linux, hata ya kuazima mjini. Afungue madirisha mawili ya amri. Katika la kwanza achape sleep 300, programu inayolala kwa dakika tano. Katika la pili aitafute nambari yake kwa pgrep sleep, kisha aiue kwa kill -9 na nambari hiyo. Akirudi katika dirisha la kwanza na kuchapa echo $? ataona 137. Arudie, safari hii akitumia kill bila nambari ya ishara: 143. Arudie mara ya tatu, asiue kutoka upande wa pili bali abonyeze Ctrl na C palepale: 130. Mara ya nne aiache sleep ilale dakika zake zote tano. Hapo ndipo atakapoiona sufuri.